Baba mkwe alisema kwa simu hakuna upepo, tukaamini tukapanda ndege

Wakuu, salamu kwenu nyote, mlio bara na mlio pwani.

Mimi ni msomaji kuliko mwandishi. Nimesoma visa vyenu miaka mingi, nikicheka peke yangu hadi mke wangu anauliza kuna nini kwenye hiyo simu. Leo ni zamu yangu. Nitasimulia ilivyokuwa bila kuongeza chumvi, na mashahidi wote wako hai. Mmoja wao ameniomba nisimtaje jina. Nitamtaja.

Kilichonichokoza ni ule uzi wa juzi, mtu akiuliza kama ndege ndogo ni salama. Mlijibu sana. Huyu alisema injini, yule mafuta, mwingine akaleta mambo ya uchawi. Upepo hamkuugusa kabisa, na mimi upepo ulikaribia kuninyima mke.

Haya, twende polepole.

Naishi Kisumu, Migosi. Wakati huo nilikuwa na mchumba anaitwa Akinyi, kwao ni upande wa Kendu Bay, karibu na ziwa kabisa. Kwetu Wajaluo, ukoo wako lazima uende kwa kina msichana ukakubaliwe. Siku hiyo tunaiita ayie, maana yake "nimekubali", na anayelisema neno hilo ni mama wa msichana. Asipolisema, wewe na mapenzi yako mtabaki mnatazamana.

Mara ya kwanza tulienda tukaharibu.

Mvua ilikuwa imenyesha, na pale Ahero maji yalivuka barabara kama ilivyo tabia yake. Tulifika jioni, chakula kimepoa, wageni waalikwa wameshaenda zao. Baba mkwe, Mzee Odero, alitupokea langoni na langoni tukaishia. Alisema anatupa siku nyingine moja. Ukoo unaochelewa mara mbili, alisema, umeshajibu wenyewe kwamba hautaki binti yake.

Nilidhani ni hasira tu. Akinyi akaniambia baba yake hatanii, dada yake mkubwa alimkosa mchumba hivyo hivyo, kwa kuchelewa, na yule kijana alikuwa na gari zuri.

Basi hapo ndipo alipoingia baba mdogo, Mzee Oluoch. Ndiye msemaji wa familia yetu, na ndiye aliyeomba nisimtaje.

Wale wa huku mnajua neno nyadhi. Kwa wengine, nyadhi ni ile raha ya mtu kuonekana, atembee hivi, avae vile, na aongee kwa sauti ambayo hata asiyehusika anasikia. Sisi tunatuhumiwa kuwa nayo. Baba mdogo haikanushi, anasema ni kipawa.

Sasa, baba mdogo alifanya kazi ya stoo maisha yake yote kwenye duka la vifaa vya ujenzi la familia moja ya Kipunjabi hapa mjini. Familia hiyo ina ndege ndogo ya viti sita, injini moja mbele. Binti yao, Kapteni Simran, ndiye rubani. Baba mdogo alimbeba akiwa mtoto, na mpaka leo wakikutana wanaongea Dholuo, na Dholuo cha Simran ni safi kuliko changu. Baba mdogo akaomba lifti ya kwenda ukweni. Familia ikakubali, iwe zawadi yao kwangu.

Sababu aliyotupa sisi ni mafuriko ya Ahero. Alisema hewani hakuna Ahero.

Sababu ya kweli mnaijua.

Kapteni Simran alikuja nyumbani mwenyewe siku moja kabla. Ni mwanamke mtulivu, mtu wa kuongea kidogo huku anatafuna njugu. Alisema hivi: "Mzee, saa mbili asubuhi mimi nataka tukuwe juu. Asubuhi ziwa imelala. Mchana inaamka, na ikiamka mimi siendi huko."

Nisimame kidogo hapa kwa wasioishi na ziwa. Asubuhi maji yametulia, unaweza kunyolea ndevu. Jua likipanda, nchi kavu inapata joto haraka kuliko maji, hewa ya nchi kavu inapaa, na ile ya ziwani inakuja mbio kujaza nafasi. Huo ndio upepo wa mchana. Ukianika nguo Migosi bila vibanio utazifuata kwa jirani.

Kule tulikokuwa tunakwenda kuna uwanja wa nyasi, wa mtu binafsi, unaokwenda sambamba na ufuo. Maana yake upepo wa ziwa unaipiga ndege ubavuni. Simran alinieleza kwamba upepo wa mbele hauna ubaya, unaishika ndege ishuke taratibu. Wa ubavuni unaisukuma nje ya uwanja wakati magurudumu bado hayajagusa. Halafu upande wa ziwa kuna mstari wa mikaratusi mirefu, na miti hiyo ndiyo mbaya zaidi, nitafika huko.

Tukakubaliana saa mbili. Baba mdogo alikubali kwa kichwa na kwa mdomo.

Asubuhi nilikuwa uwanja wa ndege mapema na shangazi yangu Perpetua, ambaye alikuwa amebeba kuku hai kwenye kikapu, zawadi ya mama Akinyi. Simran alikuwa tayari. Ziwa lilikuwa limetulia kabisa.

Baba mdogo hakuwepo.

Tulimpigia simu. Anakuja. Tukampigia tena. Yuko karibu. Ikaja kujulikana baadaye kwamba alikuwa anaaga. Alichukua boda akapita Migosi nzima, akapita sokoni, akapita kwa kinyozi wake na kwa mchungaji wake. Kila mahali alisema, "Mimi naelekea airport," halafu anasimama hapo mpaka mtu aulize ndege gani.

Alifika jua likiwa utosini. Suti ya vipande vitatu, viatu vinang'aa, na kofia mpya ya kahawia yenye ukingo mpana, aliyoinunua kwa ajili ya siku hiyo tu. Alitembea kutoka lango la uwanja mpaka kwenye ndege kwa mwendo wa mtu anayepigwa picha. Hakukuwa na mpiga picha.

Simran alimwangalia, halafu akaangalia miti iliyo kando ya uwanja. Majani yalikuwa yameanza kugeuka.

"Mzee, umechelewa," akamwambia.

"Bado ni asubuhi, nyathina," baba mdogo akajibu. Nyathina ni "mwanangu". Alikuwa mtu pekee Kisumu aliyeona ni asubuhi.

Sitawaficha, nilihisi kulia. Ahero tulisikia bado ina maji. Barabara hatuiamini, na ndege imechelewa. Nilikuwa namuona Mzee Odero langoni na mkono wake umeinuliwa. Na nilikuwa siruhusiwi kusema neno, maana baba mdogo alinipa amri tangu wiki iliyopita kwamba bwana harusi siku hiyo haongei. Aliniambia, "Leo wewe ni kama meza. Uko, lakini huongei."

Simran akasema jambo la busara. Ule uwanja wa kule hauna tena kile kitambaa cha mlingotini cha kuonyesha upepo unatoka wapi, kilichanika zamani. Kawaida humpigia simu mlinzi wa uwanja, anamwambia hali, ndipo anaondoka. Alimpigia. Simu imezimwa. Baadaye tulijua mlinzi alikuwa kwa Mzee Odero anapasua kuni za kupikia wageni. Wageni wenyewe ni sisi.

Akauliza nani mwingine yuko karibu na uwanja. Baba mdogo akasema, mkwe mwenyewe, boma lake limepakana na uwanja.

Wakuu, hapa ndipo kosa letu lilipo, na ni kosa la kwetu kabisa, mtu wa kabila lingine asingelifanya vizuri hivyo.

Baba mdogo alimpigia Mzee Odero, akaweka sauti ya nje ili sote tusikie. Wakasalimiana vya kutosha. Watoto, ng'ombe, mvua, afya ya mguu. Kisha baba mdogo akauliza, "Jaduong', upepo huko iko aje?" Jaduong' ni "mzee", kwa heshima.

Mzee Odero akajibu bila kusita. "Upepo gani? Huku ni kimya tu. Hakuna shida. Njooni."

Nyuma ya sauti yake kulikuwa na kitu kinapigapiga, pa-pa-pa-pa, na wanawake wanapaza sauti.

"Hiyo ni nini nasikia?" Simran akauliza.

"Vigelegele," baba mdogo akasema huku akifunika simu. "Wameshaanza kutusherehekea."

Simran hakupenda. Alitafuna njugu yake akaimaliza. Kisha akasema tutaenda kuangalia kwa juu, asipopenda anachokiona tunarudi, na hakuna mtu atakayebishana naye. Alimfanya baba mdogo arudie maneno hayo kwa sauti. Akarudia.

Tukaruka.

Kuruka kulikuwa kuzuri, siongopi. Mji ukabaki chini na mabati yake, tukaingia juu ya ziwa, gugu maji limejikusanya pembeni kama shamba. Baba mdogo alikaa mbele karibu na rubani na hakuvua kofia. Shangazi nyuma yake na kikapu. Mimi nyuma kabisa, meza.

Katikati ya ghuba Simran alionyesha chini kwa kidole. Maji yalikuwa na mapovu meupe, mistari mistari. "Hiyo ni upepo," akasema. "Ziwa haijui kudanganya."

Baba mdogo akasema labda ni samaki.

Tulipofika juu ya boma la Mzee Odero niliona mambo mawili. La kwanza, moshi wa jikoni ulikuwa haupandi. Ulikuwa umelala chini, unakimbia kutoka ziwani kuelekea barabarani. La pili, hema kubwa la wageni halikuwa mahali pa hema. Lilikuwa limetandazwa juu ya ua wa miti, nguzo zimetazama juu.

"Wametutandikia hema kama zulia," baba mdogo akasema.

Simran alikuwa akitazama ule moshi. Alizunguka, akajipanga na uwanja, akaanza kushuka. Alisema atajaribu aone, upepo unaweza kupungua kidogo pale chini.

Nilichokiona sikukielewa. Pua ya ndege ilikuwa imetazama ziwani, lakini tulikuwa tunakwenda uwanjani. Tunakwenda ubavuubavu, kama mtu anapita kwenye kichochoro chembamba. Baba mdogo hakuweza kunyamaza.

"Kapteni, uwanja iko huku. Wewe unaangalia ziwa."

"Mzee, nikiangalia uwanja tutaenda kushukia mahindi ya watu."

Sasa ile mikaratusi. Tulipokuwa juu ya miti, upepo ulikuwa mkali lakini ni ule ule, na rubani alikuwa ameshaipima nguvu yake. Tuliposhuka chini ya vilele, miti ikauziba. Upepo ukakatika ghafla, na ndege ikaanguka. Tumbo langu lilibaki juu. Kuku naye alibaki juu, nilimwona akitoka kwenye kikapu bila kupiga bawa hata moja.

Halafu kulikuwa na pengo. Mtu alikuwa amekata miti kadhaa ya kujengea. Tulipofika mbele ya pengo hilo upepo wote uliokuwa umezibwa ukapita hapo kwa mara moja. Bawa la upande wa ziwa likainuka. Bawa la upande wangu likashuka, na dirishani kwangu nikaona mahindi, karibu kiasi cha kujua kwamba yamekomaa.

Injini ikanguruma, tukapanda.

 Chini watu walikuwa wamejaa, mikono juu, leso zinapepea. Baba mdogo akawapungia mkono. Alikuwa ametoa jasho, lakini alipunga.

Shangazi alimkamata kuku akamkumbatia, akaanza kumuahidi Mungu vitu. Mimi pia niliahidi. Vingine bado sijavitimiza.

Simran akazunguka tena. Alisema hii ni ya mwisho, atakuja juu kidogo ili apite lile pengo kabla hajashuka.

Mara ya pili sitaisimulia yote. Tulikaribia zaidi. Gurudumu moja liligusa nyasi, nilihisi. Nikasema moyoni tumefika, nikamuona Akinyi kabisa, amesimama na gauni la bluu. Halafu upepo ukaja kutoka pembeni kama mtu anakusukuma kwenye foleni, tukaanza kuteleza kuelekea kwenye mtaro, na uwanja uliokuwa mbele yetu ukawa uko kulia. Injini ikanguruma tena. Ndege ikapanda inatetemeka kila mahali.

Hapo ndipo kofia ya kahawia ilipopata kazi. Baba mdogo aliivua kwa heshima, akaigeuza, akatapika ndani yake.

 Niliogopa, wakuu, sina neno lingine la kusema. Nilikuwa naona mahindi yale kila nikifumba macho.

Baba mdogo akafuta mdomo kwa tai, akasema kwa sauti ndogo, "Kapteni, jaribu tena. Tatu ndiyo ya wanaume."

"Mbili inatosha, Mzee. Tatu ndiyo huwa inaandikwa gazeti."

"Tukirudi, harusi imekufa. Huyu mzee alisema. Mara ya pili tukichelewa, imekwisha. Kapteni, wewe ni mtoto yangu, nakuomba."

"Mzee, ulirudia maneno yangu pale chini. Wote walisikia."

"Nilirudia, lakini sikujua."

Simran alikuwa ameanza kuigeuza ndege kuelekea Kisumu, lakini niliona amegeuka kumwangalia baba mdogo, na niliona uso wake. Alimpenda huyu mzee. Ndiye aliyembeba yeye Simran akiwa mtoto. Alikuwa na hakika yake, lakini ilikuwa inamuuma.

Basi meza ikaongea.

Nikasema, "Kapteni, twende nyumbani." Sauti ilitoka nyembamba kuliko nilivyopanga. "Baba mdogo, samahani. Nampenda Akinyi. Nataka kumpenda nikiwa hai."

Baba mdogo akageuka na kofia yake mapajani. Nilidhani atanikaripia kwa kuongea. Alinitazama, halafu akageukia mbele, na hakumwomba Kapteni tena. 

Wale chini waliona ndege inageuka inakwenda. Niliwaangalia mpaka wakawa wadogo. Nilijua ninachokiacha. Machozi yalinitoka, na shangazi akaniwekea kuku mapajani, maana hakuwa na kitu kingine cha kunifariji.

Kisumu tukashuka bila tabu yoyote. Upepo ulikuwa ni ule ule, lakini hapa uwanja umelielekea ziwa, kwa hiyo ulikuja usoni. Ndege ikatua taratibu kama inaogopa kuamsha mtoto. Jambo hilo linanishangaza mpaka leo.

Simran alizima injini akakaa kidogo. Akasema, "Kosa ni yangu pia. Nilipaswa kukataa tukiwa chini. Ile sauti ya simu sikuipenda." Kisha akachukua kofia kwa vidole viwili akampa baba mdogo. "Mzee, umesahau."

Baba mdogo aliitupa kwenye pipa la pale.

Mimi nilikuwa nimekata tamaa, lakini shangazi Perpetua akasema heri nusu shari kuliko shari kamili, twende tukafukuzwe uso kwa uso, kuku wake hatarudi Migosi. Tukapata pikapu ya jirani, tukajipanga wanne mbele, dereva akiwa wa nne.

Nawaomba mvute subira kwa hili linalofuata.

Ahero ilikuwa kavu.

Maji yalikuwa yameshuka tangu siku iliyotangulia. Kina mama walikuwa wameanika mpunga kando ya lami, kwenye jua. Hakuna aliyetuambia kwa sababu hatukumuuliza mtu. Tungetoka asubuhi kwa barabara tungefika chai ikiwa moto. Shangazi akasema, "Mpunga unaanikwa." Baba mdogo akaangalia dirisha la upande mwingine.

Katito, pale njia inapokatika kwenda Kendu Bay, baba mdogo akaomba tusimame. Msemaji haingii ukweni kichwa wazi. Kwenye mitumba palikuwa na kofia moja tu inayomtosha, ya sufu, ya rangi nyekundu, yenye shada refu la nyuzi juu yake, za wale wa nchi za baridi. Aliivaa bila neno. Sisi pia hatukusema neno, lakini dereva alilazimika kushuka kidogo na kuzunguka gari.

Tulifika jua linaelekea kuzama.

Mzee Odero alikuwa langoni. Amesimama palepale aliposimama mara ya kwanza. Nyuma yake mama Akinyi, nyuma yake ukoo, na Akinyi na gauni lake la bluu, macho mekundu. Hema lilikuwa bado juu ya ua. 

Baba mdogo alisogea mbele. Suti ina madoa, tai imelowa, kofia nyekundu kichwani. Upepo ulikuwa bado unavuma kidogo, na lile shada la kofia lilikuwa limelala upande, linaelekea barabarani kabisa.

Kwa desturi mwenyeji huanza.

"Mmesafiri aje?" Mzee Odero akauliza.

"Salama tu, Jaduong'," baba mdogo akasema. "Safari ilikuwa nzuri. Hakuna shida."

"Ni vizuri."

"Na hapa nyumbani?"

"Hata hapa hakuna shida," akasema Mzee Odero, na nguzo ya hema nyuma yake ikaanguka.

 Wazee wawili wanatazamana. Shada linapepea. Mimi nilikuwa natazama chini, maana nilihisi kitu kinapanda kifuani na sikujua ni kilio au nini.

Shangazi Perpetua ndiye aliyevunjika. Alianza kucheka, akajaribu kukigeuza kicheko kiwe kikohozi, kikakataa. Kuku akaanza kupiga kelele. Mama Akinyi akafunika mdomo na leso, kisha akaitoa, akasema, "Odero, waambie."

Mzee Odero akavua kofia yake. Aliposema, sauti ilikuwa nyingine.

"Wakati ulipiga simu," akamwambia baba mdogo, "mimi nilikuwa nimeshika kamba ya hema na mkono moja, na simu na mkono ingine. Hema inataka kwenda. Wanawake wanapiga nduru. Na wewe unaniuliza upepo iko aje."

"Ukasema ni kimya."

"Ningesema nini? Mgeni akiwa njiani huwezi kumwambia kuna shida. Atafikiri unamkataa. Na nyinyi nilikuwa nimewafukuza mara moja. Siku ile mlienda, huyu mama hakuniongelesha wiki mzima, na mtoto analia. Nilisema wakirudi, mimi sitasema neno ya kuwarudisha tena." Akanyoosha kidole kwenye shamba. "Halafu nikaona ile bawa ikienda chini kwa mahindi. Nikasema leo nimeua wakwe kwa adabu."

 Baba mdogo akakumbuka kazi yake ya usemaji, akajinyoosha. "Jaduong', kuhusu ile mambo ya kuchelewa."

"Nani amechelewa?" Mzee Odero akauliza.

"Sisi."

"Nyinyi mlifika mchana. Mara mbili. Kijiji mzima iliwaona." Akafungua lango. "Kushuka tu ndiyo ilichukua muda."

Mama Akinyi hakungoja tuketi. Alimchukua kuku kutoka kwa shangazi, akanitazama mimi, akalisema lile neno moja palepale langoni. Ayie.

Nililia mbele ya watu. Akinyi pia. Baba mdogo alilia, lakini anasema ni vumbi.

Sasa huyo Akinyi ndiye anayeniuliza nacheka nini kwenye simu.

Baba mdogo ana toleo lake la kisa hiki, na mkikutana naye atawapa. Kwenye toleo hilo alimwagiza rubani apite chini mara mbili kuwasalimia wakwe, kisha akachagua kurudi kwa barabara ili asiwaaibishe wasio na ndege. Kofia nyekundu bado anaivaa, na sasa Migosi kuna vijana wawili wameiga.

Nililojifunza ni hili. Rubani akikwambia saa mbili, ni saa mbili, ziwa halisubiri umalize kuaga. Akisema turudi, rudi na umshukuru, hata kama uwanja unauona na mchumba wako amesimama pembeni. Na mtu akikuuliza jambo ambalo uhai wake unalitegemea, mwambie lilivyo. Adabu ataikuta akifika. Waswahili husema mgeni njoo mwenyeji apone, lakini mgeni naye sharti afike.

Mzee Odero amebadilika kupita kiasi. Jana nilimpigia kusema tunakuja Jumapili na mtoto. Kabla sijamaliza salamu akaniambia upepo unatoka ziwani, umeangusha beseni tupu lakini lenye maji limesimama, na majani ya mikaratusi yanaonyesha tumbo, kwa hiyo tusije na ndege. Nikamkumbusha kwamba hatuna ndege. Akasema anajua hatuna, lakini safari hii ameamua kusema.

Sasa ninyi. Nani humu aliwahi kuambiwa "hakuna shida" akaenda akaikuta shida imekaa sebuleni inamsubiri? Na wenye kujua urubani, nielezeni vizuri ule mchezo wa pua kuangalia pembeni, maana baba mdogo bado anashikilia kwamba Kapteni alikuwa amepotea njia. Nasoma kila jibu, na mengine nitamsomea yeye.